Gumba na Shahada: Historia ya Mkono wa Kulia katika Upigaji wa Gitaa Kavu

Tarehe 10 Desemba 1962, alipolihutubia Bunge akiwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Katika hotuba hiyo aliuliza swali ambalo walimu wengi wanalifahamu. Alisema kwamba wengi wetu tunaweza kupiga gitaa, piano na ala nyingine za Wazungu. Lakini je, ni wangapi, hasa miongoni mwa wasomi, wawezao kupiga ngoma, nanga, zeze, marimba au ligombo?

Wapo walioielewa kauli hiyo kuwa ni hukumu juu ya gitaa. Kwa maoni yao, kijana ashikaye gitaa ameacha cha kwao na kushika cha watu. Sisi tunaliona jambo hili kwa namna nyingine. Swali lile halikutaka gitaa livunjwe. Lilitutaka tujiulize mikono yetu imesahau nini. Na tukiifuata historia ya gitaa kavu katika Afrika Mashariki na Katanga, tutaona kwamba wapigaji waliosifika hawakusifika kwa kuwaiga Wazungu. Walisifika kwa sababu mkono wao wa kulia ulizungumza lugha ya ala zile zile alizozitaja Mwalimu. Katika insha hii tunakusudia kulieleza jambo hilo, na kumwonyesha mwanafunzi wa leo faida anayoweza kuipata humo, ikiwa anataka kuuboresha mkono wake.

Kwanza tueleze maneno. Gitaa kavu ni gitaa lisilotumia umeme, ambalo sauti yake hutoka katika sanduku lake la mbao. Wazee wengi wa muziki nchini Tanzania huliita galatoni, jina lililotokana na alama ya biashara ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini. Kusindikiza ni ile kazi ya gitaa ya kushika mdundo na kuubeba wimbo, ili mwimbaji apate mahali pa kukanyaga. Watu wengi huidharau kazi hiyo, wakidhani kwamba sifa zote ni za yule anayechezesha vidole juu ya nyuzi nyembamba. Lakini msindikizaji akikosea, wimbo wote huanguka.

MIKONO ILIYOMPOKEA MGENI

Gitaa lilikuja kwa njia ya bahari. Katika pwani ya magharibi ya Afrika mabaharia walilichukua kutoka bandari moja hadi nyingine, na kutoka huko likaingia ndani kwa kuufuata mto Kongo na njia za reli. Upande wetu lilipitia bandari kama Mombasa na Dar es Salaam. Kuanzia mwaka 1933 santuri za Kikuba zilizojulikana kwa herufi GV zilianza kuuzwa, zikasambaa sehemu nyingi za Afrika na kuzoesha masikio ya watu mahadhi ya rumba. Baada ya Vita Kuu ya Pili vijana waliotumikia jeshi walirudi na maarifa mapya. Mmojawapo alikuwa Fundi Konde wa pwani ya Kenya, aliyezaliwa mwaka 1924 na kufariki mwaka 2000, ambaye wakati wa vita alikuwa katika kikosi cha burudani cha jeshi.

Hata hivyo, mgeni huyu hakukuta mikono mitupu. Watu wa pwani walikuwa wakipiga udi na gambusi kwa risha. Wahaya walikuwa na nanga, chombo cha nyuzi kilichosindikiza tenzi za mashujaa. Wahehe walikuwa na ligombo. Wagogo walikuwa na zeze, na pia marimba ya mkono iitwayo ilimba. Wajaluo walikuwa na nyatiti yenye nyuzi nane.

Hebu mwanafunzi azitazame ala mbili katika hizo. Mpigaji wa ilimba hukishika chombo kwa viganja viwili, na kazi kubwa hufanywa na vidole gumba, kila kimoja kikiwa na njia yake. Gumba la kulia halisemi lile linalosemwa na la kushoto, lakini maneno yao yakikutana huwa sentensi moja. Mpigaji wa nyatiti naye huchezesha nyuzi kwa vidole, huku pete ya chuma iliyo katika kidole cha mguu ikigonga ubao wa chombo, na papo hapo kinywa chake kinaimba. Mtu mmoja anafanya kazi tatu, na hakuna kazi inayoingoja nyingine.

Basi mtu aliyelelewa akisikia ala kama hizi, anapopewa gitaa haanzi sifuri. Masikio yake yamekwisha jua kuwa chombo kimoja kinaweza kutoa sauti mbili au tatu zinazojibizana. Kinachobaki ni kuitafutia elimu hiyo nafasi katika nyuzi sita.

KUTOKA BUNKEYA HADI LIKASI

Mahali ambapo jambo hili lilidhihirika sana ni Katanga. Kampuni ya migodi ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1910 reli kutoka kusini ikafika Elisabethville, mji uitwao Lubumbashi leo. Vibarua walichukuliwa kutoka pande nyingi: Waluba, Wabemba, watu wa Rhodesia ya Kaskazini, na wengine kutoka Rwanda na Burundi. Kambini walikutana watu wasioelewana kwa lugha za makwao, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Muziki nao ulihitaji chombo ambacho mtu mmoja angeweza kukibeba kutoka kambi hadi kambi, na kukipiga peke yake bila kungoja kundi la ngoma. Gitaa lilifaa kwa kazi hiyo.

Katika nchi hiyo alizaliwa Jean Bosco Mwenda, mwaka 1930, huko Bunkeya. Mahali hapa panatuhusu. Bunkeya ilikuwa makao makuu ya Msiri, mtawala aliyetoka magharibi ya Tanganyika miongoni mwa Wasumbwa, jamaa za Wanyamwezi, akaanzisha dola la Garenganze na kulitawala mpaka alipouawa mwezi Desemba 1891. Wayeke ni kizazi cha wafanyabiashara na wawindaji hao, na Jean Bosco alikuwa mmoja wao. Ndiyo maana alijulikana pia kama Mwenda wa Bayeke. Njia iliyopelekea misafara Katanga katika karne ya 19 ndiyo iliyopeleka pia lugha ambayo Mwenda alikuja kuimbia.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyefanya kazi Afrika Kusini, alimkuta Mwenda katika mji wa Jadotville, ambao sasa ni Likasi, akamrekodi. Kati ya nyimbo alizozirekodi ulikuwamo wimbo wa Masanga. Waliousikia katika santuri waliweza kudhani kuwa wapigaji walikuwa wawili, kumbe alikuwa mtu mmoja mwenye gitaa moja, na katika mkono wake wa kulia alitumia vidole viwili tu: gumba na kidole cha shahada.

KAZI YA GUMBA NA KAZI YA SHAHADA

Tulieleze jambo hili kwa makini, maana ndipo ulipo mzizi wa maneno yetu. Katika mtindo huu gumba hushughulika na nyuzi nene. Linatembea kwa hatua sawasawa, wala haliharakishi wala halichelewi. Kidole cha shahada hushughulika na nyuzi nyembamba, na chenyewe kina uhuru: mara kinapiga pamoja na gumba, mara kinapiga katikati ya hatua mbili za gumba, mara kinanyamaza kabisa. Gumba ni mwenye nyumba, na shahada ni mgeni aingiaye na kutoka. Mwenye nyumba akiondoka, mgeni hana pa kufikia.

Ugumu haumo katika kasi ya vidole, bali katika kuvitenganisha vidole hivyo. Muziki wetu mwingi wa jadi hujengwa juu ya hesabu zinazogawanyika kwa njia zaidi ya moja. Hesabu ya sita, kwa mfano, yaweza kugawanywa mara mbili kwa tatu, au mara tatu kwa mbili. Mchezaji ngoma husikia migawanyo yote miwili kwa wakati mmoja, wala haoni ajabu. Mpigaji gitaa mwenye mkono uliokomaa hulipa gumba mgawanyo mmoja na kuipa shahada mgawanyo mwingine. David Rycroft, mtaalamu wa muziki, alipouchambua upigaji wa Mwenda katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, alihitaji kurasa nyingi na alama nyingi kueleza mambo ambayo mkono wa Mwenda uliyafanya katika dakika chache.

KENYA NA CHUPA YA SODA

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alifika Nairobi, na hali kadhalika mwenziwe wa Katanga, Edouard Masengo. Walirekodi huko, na sauti zao zikasikika redioni. Vijana wengi wa Kenya, Uganda na Tanganyika walijifunza mtindo wa vidole viwili kwa kusikiliza tu, bila mwalimu wala kitabu.

Lakini kujifunza kwao hakukuwa kuiga kitupu. Mfano mzuri ni George Mukabi wa magharibi ya Kenya, aliyefariki mwaka 1963. Yeye na wenzake walijenga mtindo ulioitwa omutibo, ambao watu wa kwao waliusikia kuwa ni ndugu wa sukuti, ngoma maarufu ya Waluhya. Gumba lilishika mwendo wa ngoma, shahada ikaimba juu yake, na mtu wa pili akagonga na kukwaruza chupa ya soda yenye mistari kwa kijiti au chuma ili kuutia mdundo makali. Hapakuwa na fedha za kununua ala nyingine, wala haikuwa lazima. Hata kile kifaa cha kubana nyuzi shingoni ili sauti ipande, wapigaji wengi walikitengeneza wenyewe kwa kipande cha penseli kilichofungwa kwa kamba au mpira.

Hapa tunaona jibu la kwanza la swali la mwaka 1962. Mukabi alipiga chombo cha kigeni, na watu wa kwao wakaisikia sukuti ndani yake. Kama mkono wake usingeijua sukuti, gitaa lake lisingekuwa na la kuwaambia.

GITAA LILIPOGAWANYWA

Katika miaka ya 1960 magitaa ya umeme yalienea katika bendi zetu. Bendi za dansi zilikuwapo zamani: Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah mwaka 1948. Lakini kwa umeme kazi iligawanywa waziwazi zaidi. Mmoja alipiga solo, mwingine rithimu, wa tatu besi. Kazi ya gumba ilipewa mpiga besi. Kazi ya shahada ilipewa mpiga solo. Na zile sauti za katikati zinazofunga viungo vya wimbo zikaachiwa mpiga rithimu.

Mgawanyo huu ulileta mema mengi, na bendi zetu zilipata sifa kubwa kwa njia hiyo. Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, msanii aliyefariki kwa ajali ya gari huko Mombasa mwezi Januari 1979, ni ushahidi wa kutosha. Hata hivyo, palikuwa na hasara. Kijana aliyeanza katika bendi aliweza kupata umaarufu bila kujua kuzifanya kazi zote tatu kwa mkono mmoja. Galatoni likawa chombo cha kujifunzia tu, na wazee waliojua siri za gumba wakabaki vibarazani bila wanafunzi.

MIZANI YA SHAIRI NA MIZANI YA MKONO

Sisi tulio katika fani ya ushairi tuna neno la kuongeza hapa. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, nane katika ukwapi na nane katika utao, na kati yake mwimbaji hupumua. Tena Kiswahili huikaza silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Ukisema «mwalimu», nguvu iko katika «li»; ukisema «kalamu», nguvu iko katika «la». Msindikizaji asiyelijua jambo hili hutupa pigo lake zito juu ya silabi nyepesi, na neno huvunjika kinywani mwa mwimbaji. Msikilizaji huenda asijue kosa liko wapi, lakini atahisi kuwa wimbo unachechemea.

Kwa hiyo kabla ya kuushika wimbo kwa gitaa, usomwe kwanza kwa sauti. Silabi zenye nguvu zipigiwe kofi. Mahali pa kupumua paachwe wazi, kwa maana kimya nacho kina nafasi yake katika mdundo. Mtunzi akikosa mizani, tunasema shairi lake ni guni. Msindikizaji asiyepatanisha mkono wake na maneno hufanya wimbo mzima kuwa guni, hata kama mtunzi hakukosea.

NAMNA YA KUUKOMAZA MKONO

Walimu na wanafunzi watapenda kujua yanayoweza kufanywa darasani. Tutataja mambo machache ambayo hayahitaji gharama.

La kwanza ni kuanza bila gitaa. Mwalimu aligawe darasa mafungu mawili, wote wahesabu hadi sita pamoja, wakirudia. Fungu la kwanza lipige makofi katika 1 na 4. Fungu la pili lipige katika 1, 3 na 5. Mafungu hayo yatakutana katika 1 peke yake. Yakizoea, yabadilishane kazi. Halafu kila mwanafunzi ajaribu peke yake juu ya meza, mkono wa kushoto ukishika kazi ya fungu moja na wa kulia kazi ya fungu la pili. Mwanafunzi aliyezoea ngoma atawatangulia wenzake katika zoezi hili, na mwalimu asisite kumfanya kiongozi wao.

La pili ni kulifunza gumba peke yake. Mwanafunzi apige uzi mnene mmoja kwa kufuata mlio wa saa ya ukutani, ambao ni mapigo 60 kwa dakika, mpaka mkono utembee bila kufikiriwa. Kisha aanze kuongea na mwenzake huku gumba likiendelea. Likisimama anapotamka neno, basi bado halijapata uhuru, na shahada isiongezwe kwanza.

La tatu linamhusu yule anayesindikiza kwa kupitisha mkono juu ya nyuzi zote kwa pamoja, kushuka na kupanda. Mkono huo usisimame hata pale usipotakiwa kutoa sauti. Uendelee kushuka na kupanda hewani, uziguse nyuzi pale tu wimbo unapotaka. Anayeusimamisha mkono ili kungoja pigo lake hulikosa mara nyingi. Yule ambaye mkono wake unatembea daima hulikuta pigo njiani. Nguvu itoke katika kifundo cha mkono kilicholegea, si katika bega.

La nne ni mkono wa kushoto. Mdundo wa wengi huharibika wakati wa kuhamisha vidole kutoka mkao mmoja kwenda mwingine. Mwanafunzi achukue mikao miwili tu, aende na kurudi polepole mpaka mwendo usikatike, ndipo aongeze wa tatu. Ni afadhali kuwahi kuuacha mkao wa kwanza kuliko kuchelewa kufika katika wa pili. Tena ajifunze kuzima sauti kwa kulegeza vidole vya kushoto juu ya nyuzi bila kuviondoa, kwa kuwa pigo lililokatwa vizuri huchezesha watu kuliko linalovuma ovyo.

La tano, na kwetu ndilo kubwa, ni kuurudisha mkono kwa walimu wake wa kwanza. Mwanafunzi wa Dodoma akae na mpiga ilimba. Wa Bukoba akae na mpiga nanga. Wa Iringa amtafute ajuaye ligombo. Achukue mdundo mmoja tu, auimbe kwa kinywa mpaka aujue, kisha autafutie nafasi katika gitaa, nyuzi nene zikishika sauti za chini na nyembamba zikishika za juu. Hapo atagundua mambo ambayo hakuna kitabu cha mikao ya vidole kitakachomfundisha.

HATIMA

Mwenda alialikwa Marekani, akapiga katika tamasha la Newport mwaka 1969. Alifariki kwa ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990, na Masengo akafariki mwaka 2003. Mwaka 1979 mpigaji gitaa Mwingereza, John Low, alisafiri hadi Shaba, jina la Katanga la wakati huo, kuwatafuta wazee wa mtindo huu na kujifunza kwao. Habari za safari yake zilichapishwa mwaka 1982. Kwa sababu ya juhudi kama hizo za wageni, Mzungu aketiye mbali sana anaweza leo kujifunza gumba la Katanga kwa kitabu na kwa santuri. Hatuwalaumu, walifanya kazi njema. Lakini si haki kizazi chetu kikategemea kalamu za wengine kujua mikono ya babu zetu ilifanya nini.

Elimu hii haikuandikwa na wenyewe. Ilihifadhiwa katika vidole, na vidole huzikwa pamoja na mwenyewe. Kila mwalimu mwenye shule karibu na mzee apigaye galatoni, zeze au marimba anayo kazi inayomngoja: amwendee kwa heshima, aandike jina la mzee huyo na majina ya nyimbo zake, aandike namna anavyopatanisha nyuzi zake, anase sauti, na zaidi ya yote awaketishe wanafunzi mbele yake wautazame mkono wa kulia unavyofanya kazi.

Mwalimu Nyerere aliuliza ni wangapi kati yetu wawezao kupiga nanga, zeze, marimba na ligombo. Historia ya gitaa kavu inatuonyesha kwamba kujibu swali hilo hakumlazimu kijana kulitupa gitaa lake. Inamtaka alipige vizuri zaidi, kwa mkono unaojua ulikotoka. Na mkono wa namna hiyo haupatikani pasipo kwenda kuketi chini ya mpiga nanga na mpiga marimba, wakati wao wangali hai.